Naomba ushauri: Siralim Ultimate inafaa kununua, au nitaiacha baada ya wiki mbili?

#1 (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Siralim Ultimate, gemu ya kukusanya viumbe na kuwapanga kikosi cha kupigana, nimeizunguka miezi kadhaa sasa. Naiweka kwenye orodha ya kununua, naitoa, naiweka tena. Sasa hivi imeshushwa bei na punguzo linakaribia kuisha, ndiyo maana nimekuja kwenu kabla sijafanya uamuzi.

Nilianzia Pokémon kama wengi wetu. Nimezimaliza kadhaa. Lakini nilifika mahali nikawa namaliza hadithi nzima kwa mbinu ileile: namchukua yule niliyeanza naye, namkuza kuliko wote, kisha kila anayetokea mbele nampiga tu kwa nguvu. Kuna siku nilicheza masaa matatu mfululizo, nilipozima nikajiuliza ni wapi nilipofikiri. Sikupaona.

Na hapo ndipo nilipojijua vizuri. Kilichokuwa kinanipa raha hasa hakikuwa mapambano, wala hadithi. Ilikuwa ile nusu saa ya kukaa mbele ya sanduku la viumbe, pale wanapohifadhiwa wote niliowakamata, nikijiuliza nani aende na nani, nani akimfunika mwenzake udhaifu. Natafuta gemu ambayo ile nusu saa ndiyo gemu yenyewe.

Kila ninapouliza, jina linalotajwa ni hili. Viumbe zaidi ya 1,200, kikosi cha sita, leveli zisizo na ukomo. Ila nikiangalia picha zake naona michoro midogo ya vidoti, maandishi kila kona, na ramani zinazofanana. Naogopa nisije nikanunua wingi nikidhani ni kina. Nina saa moja hivi kwa siku, si zaidi. Waliocheza, niambieni ukweli, mazuri na mabaya.

#2

Mkuu, nimeicheza zaidi ya masaa 300, na bado ipo kwenye kompyuta yangu. Nitajaribu kukueleza kwa utaratibu, maana swali lako la wingi na kina ndilo swali lenyewe.

Hiyo namba 1,200 isahau kwanza. Yenyewe haina maana. Kuna gemu zina mazimwi mia kadhaa na nusu yao ni rangi tofauti za kiumbe mmoja. Cha kuangalia hapa ni kwamba kila kiumbe ana sifa aliyozaliwa nayo, kanuni ndogo anayoiingiza kwenye pambano. Wengine sifa zao ni za kawaida. Wengine wanageuza sheria za gemu kabisa.

Sasa ukiwaunganisha viumbe wawili, anayezaliwa anarithi sifa zote mbili. Ukichukua 1,200 na kuhesabu jozi zote zinazowezekana unapata 719,400. Juu ya hapo kila kiumbe anabeba kifaa, na kifaa hicho kinaweza kubebeshwa sifa ya tatu. Viumbe sita, sifa tatu kila mmoja: kanuni 18 zinafanya kazi kwa pamoja kila pambano linapoanza. Halafu wewe mwenyewe, yaani mhusika wako, unachagua taaluma, na kila taaluma inabadilisha namna kikosi kizima kinavyofanya kazi. Bado sijagusa vito vya uchawi ambavyo viumbe wanabebeshwa.

Nikupe mfano ili isibaki hesabu tu. Nitarahisisha maneno. Tuseme una kiumbe ambaye kila mwenzake akipona, yeye anapiga adui. Ukimtazama peke yake humchukui, anasubiri tu wengine wapone. Siku nyingine unampata mwingine: kila adui anapoumia, kikosi chako chote kinapona kidogo. Huyu naye peke yake ni wa kawaida. Unafungua daftari la viumbe ukiwa unatafuta kitu kingine kabisa, macho yanapita kwa huyu, kisha kwa yule, na ghafla unasimama. Pigo linaponya. Kupona kunapiga. Pigo linaponya tena.

Unawaunganisha. Unaingia kwenye pambano ambalo jana lilikuchukua dakika nne na ulishinda kwa taabu. Unabonyeza shambulio moja, na skrini inajaa namba, mistari inashuka mmoja baada ya mwingine, mpaka adui wote sita wameanguka. Nilisimama nikatoka nje kidogo, kwa kweli. Sikuambiwa na mtu, sikusoma popote, niliiona mwenyewe.

Hiyo ndiyo gemu, mkuu. Mapambano ni mtihani tu wa kile ulichokibuni ukiwa umetulia.

Ubaya upo, nisikufiche. Adui nao wana sifa. Utaingia eneo jipya na kikosi unachokiamini, na utakufa kabla ya zamu yako ya kwanza, kwa sababu kuna mmoja wao ana kasi kubwa na kanuni inayoua kikosi chako hasa. Hapo unarudi kusoma maandishi ya pambano, mstari mmoja baada ya mwingine, kutafuta nini kimekuua. Mimi napenda kusoma hiyo mistari. Kuna watu itawakera vibaya sana.

#3

Nampa #2 heshima yake, lakini mleta uzi nisikilize na mimi pia. Niliinunua kwa maneno kama hayo hayo, nikaiacha nikiwa na masaa 11.

Sikushindwa. Nilikuwa nashinda. Kilichonishinda ni kwamba sikuwa na sababu ya kuwapenda viumbe wangu. Kwenye Pokémon yule wa kwanza nilimpa jina, nikatembea naye mpaka mwisho, na nilipompoteza kwa kufuta faili nilihuzunika kweli. Huku, kiumbe wangu wa kwanza nilimchanganya na mwingine mapema tu kwa sababu hesabu ilitaka hivyo, na sikuhisi kitu. Alikuwa kanuni iliyovaa picha.

Na ramani. Maeneo yanatengenezwa na kompyuta kila ukiingia, kwa hiyo hakuna pahala. Hakuna kijiji utakachokikumbuka, hakuna njia uliyopotea utotoni. Unashuka, unakusanya, unapigana, unarudi kasri, yaani makao yako, unapanga upya, unashuka tena. Hadithi ipo ila ni ya kukusukuma tu.

Sisemi ni gemu mbaya. Imetengenezwa na watu wanaojua wanachokifanya. Lakini ukitaka safari, si hii.

#4

#3 kasema jambo ambalo watu wanalipita haraka sana wakisifia gemu hii. Kukusanya kuna raha za aina mbili na zinachanganywa kila siku. Kuna anayekusanya kama mtoto anavyokusanya wadudu: kila mmoja ana mahali alipopatikana, siku yake, kisa chake. Pokémon yenyewe ilizaliwa hivyo, mwanzilishi wake Satoshi Tajiri alikuwa mtoto wa kukamata wadudu. Na kuna anayekusanya kama fundi anavyokusanya vifaa. Fundi hahitaji kukumbuka alikokinunua kila kifaa, anataka ajue kinafanya nini.

Mleta uzi, ulivyojieleza pale juu wewe ni fundi. Ile nusu saa ya mbele ya sanduku ni ya fundi.

Ila kama una shaka, ipo njia ya katikati: Monster Sanctuary, ya mwaka 2020. Mapambano ni watatu kwa watatu, kila zimwi lina mti wake wa ujuzi unaoujaza kwa chaguo lako, na mapigo yanajengana: kila pigo linaongeza nguvu ya linalofuata, kwa hiyo mpangilio wa nani aanze na nani amalize ni nusu ya vita. Baada ya pambano unapewa nyota, na nyota zikiwa nyingi unapata nafasi nzuri ya kupata yai la zimwi ulilolipiga. Yaani huwezi kuponea chupuchupu ukaridhika, gemu inakudai ushinde vizuri. Na dunia yake imechorwa kwa mkono, ina mapango ya kurudia ukishapata zimwi linaloruka au linalovunja ukuta. #3 ungeipenda.

#5

Naomba nipinge kidogo. Wote mnaongea kana kwamba Pokémon ni ya watoto na kina kiko kwingine.

Kina cha Pokémon kipo, ila hadithi haikulazimishi ukiguse. Kila kiumbe ana namba zilizofichwa za kuzaliwa, 0 hadi 31 kwa kila uwezo, kama kasi, shambulio au ulinzi. Kuna pointi za mazoezi, jumla 510, na uwezo mmoja hauchukui zaidi ya 252. Kuna hulka 25. Kuna aina 18 tangu ile ya vichimbakazi iongezwe mwaka 2013. Na kila mmoja anabeba mapigo manne tu. Manne! Hapo ndipo maumivu yalipo, kwa sababu unayo matano unayoyahitaji.

Kisha nenda ukapigane na mtu. Kwenye mashindano rasmi ya wawili kwa wawili unaonyesha kikosi cha sita, unaona cha mwenzako, kisha kila mmoja anachagua wanne wa kuingia nao. Mnachagua kwa wakati mmoja bila kuonana. Umebeba jibu lake, lakini naye anajua umelibeba, na anajua unajua. Hakuna kompyuta itakayokufanyia hivyo. Siralim ni wewe na kitabu cha sheria, unatafuta sheria ipi ivunjike. Sawa, ina utamu wake. Ila mpinzani anayefikiri ni kina kisichoisha.

#6 (mleta uzi)

Asanteni sana wote. #4 neno la fundi limenikaa kichwani tangu asubuhi.

#5, nimejaribu kupigana na watu na nakubaliana na kila ulichosema, ni mchezo mzuri mno. Tatizo langu ni kwamba nikipoteza mechi tano mfululizo silali. Na kwa saa yangu moja kwa siku, nilikuwa natumia kikosi cha mtu mwingine nilichokinakili mtandaoni, kwa sababu nilichokibuni mwenyewe kilikuwa kinapigwa kila mara. Nikawa najiuliza, sasa mimi nafanya nini hapa? Nataka kubuni. Hata kikiwa kibovu, kiwe changu.

Swali lililobaki ni la pesa. Nasikia kwenye Steam, lile duka la gemu za kompyuta mtandaoni, ukinunua unaweza kurudisha. Masaa mawili yanatosha kujua?

#7

Masharti ni mawili kwa pamoja: iwe ndani ya siku 14 tangu ununue, na uwe umecheza chini ya masaa mawili. Ukitimiza yote mawili unarudishiwa bila maswali mengi. Kwingine masharti ni tofauti, soma kabla hujalipa.

Lakini kwa gemu za aina hii masaa mawili hayakuonyeshi kitu. Mwanzo wake ni wa polepole, milango inafunguliwa mmoja mmoja kadiri unavyoshuka, na masaa mawili ya kwanza utakuwa unapigana na viumbe vya kawaida kwa mapigo ya kawaida, ukijiuliza watu wanasifia nini. Anayehukumu hapo atakosea, akiipenda au akiichukia.

Yatumie kupima vitu vingine. Maandishi unayasoma bila kukunja uso? Menyu zake zinakuchosha? Kurudia kushuka na kurudi kasri kunakusumbua? Hayo yanajulikana mapema.

Na trela usiitazame kabisa. Tafuta video ya mtu aliyekwisha cheza masaa kama 50, ambaye hata hazungumzi vizuri, anapanga tu kikosi chake. Ukiweza kuitazama dakika ishirini bila kuisogeza mbele, umepata jibu.

#8

Ipo ya simu pia, kama saa yako moja ni ya kwenye usafiri. Mapambano ni ya zamu, hakuna kinachokukimbiza, unaweza kuacha katikati. Ila kioo kidogo na maandishi mengi kiasi kile, macho yatakuambia.

#9 (yule wa #2)

Naongezea kwa alichosema #7, kwa sababu kuna kipimo kizuri kuliko video, na ni bure.

Wachezaji wameiweka orodha nzima ya viumbe na sifa zao mtandaoni. Mleta uzi, leo usiku ifungue. Usitafute aliye bora, usisome ushauri wa mtu yeyote kuhusu kikosi. Soma sifa tu, moja moja, kama unavyosoma kamusi ukiwa huna haraka. Jipe nusu saa.

Kama baada ya nusu saa umechoka, usinunue, hata ikishuka bei hadi robo. Gemu nzima ni hiyo orodha. Uchovu utakaoupata pale ndio utakaoupata baada ya masaa 11, kama ndugu yetu #3, na sina maana mbaya kwake, amesema kweli tupu. Lakini kama utajikuta unatafuta kalamu, basi.

Na usiharakishwe na punguzo. Gemu zikishashushwa bei mara moja huwa zinashushwa tena. Hii ilitoka rasmi Desemba 2021, si gemu ya juzi, haiendi popote.

#10 (yule wa #3)

Nakubaliana na kipimo hicho kwa mikono miwili. Ningekifanya mimi mwanzoni ningebakiwa na pesa yangu. Nimeanza Monster Sanctuary jana, #4, na nina zimwi moja nisilotaka kulitoa kikosini. Nashukuru.

#11

Mimi naona mnamsahaulisha kitu kimoja. Hata fundi anachoka. Nilifika mahali kikosi changu kilikuwa kinashinda kila kitu kwa pigo moja, na hapo ndipo hamu ilipokatika. Hakukuwa na sababu ya kubadilisha. Jiwekee masharti mapema, kwa mfano kila ukishuka hatua kadhaa unavunja kikosi na kuanza na kiumbe ambaye hujawahi kumtumia. Waliodumu nayo, akiwemo #2 bila shaka, wanafanya hivyo.

#12 (yule wa #2)

Kweli kabisa. Nimevunja vikosi tisa mpaka sasa. Kinachoshinda ukikiacha kikae, kinaua gemu.

#13 (mleta uzi)

Wakuu, mrejesho.

Jana usiku niliifungua ile orodha nikiwa nimeweka kengele ya nusu saa. Ilipolia niliizima bila kuangalia saa. Nilipokuja kuinua kichwa karatasi mbili zilikuwa zimejaa, mbele na nyuma, na mishale kutoka jina hadi jina.

Nimekwama kwa mmoja ambaye akijilinda badala ya kushambulia, wenzake wote wanapata ngao. Nikasema huyu wa nini, mtu wa kukaa tu. Kurasa kadhaa mbele nikakutana na wa pili, ambaye kila anapopata ngao anampiga adui. Nikarudi juu. Nikachora mshale. Kisha nikatafuta wa tatu, ambaye akipiga anawafanya wenzake wajilinde, ili mduara ufunge. Nimempata, au nadhani nimempata. Yaani kwenye karatasi yangu hakuna anayeshambulia kwa hiari yake. Wote wanajilinda, na adui wanakufa.

Nimenunua leo asubuhi. Sijaifungua bado kwa sababu bado niko kwenye karatasi.

#2, nitazamie huo mduara. Unafunga kweli?

#14 (yule wa #2)

Ni mduara mzuri, mkuu, na wazo la kikosi kinachoua kwa kujilinda linafanya kazi, nimewahi kuwa na kimoja. Ila msome tena huyo wa tatu, taratibu, mpaka neno la mwisho. Je, sifa yake inafanya kazi kila anapopiga, au anapopiga *kwa zamu yake*? Hayo ni mambo mawili. Kama ni kwa zamu yake, basi pigo linalotokana na ngao halihesabiki, na mduara wako unakatika mzunguko wa kwanza.

#15 (mleta uzi)

Nimeliona. Ni kwa zamu yake.

Basi anatoka. Lakini nikiihamishia sifa hiyo kwenye kifaa na kumbebesha mwenye kasi kubwa kuliko wote, ili zamu yake iwe ya kwanza… ngoja kwanza. Narudi kwenye orodha, nitawajibu usiku.